Godauni la Mbwa Kule Manassas

Mume wangu alikuwa na kazi yenye bima ya afya, na kwa mtu mwenye kisukari, Marekani ya miaka ile, hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzuri. Mengine yote ni mapambo. Alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa na mitungi ya oksijeni kwenye hospitali moja upande wa Maryland. Mshahara wenyewe haukuwa wa kujivunia mbele ya watu, lakini insulini yake tulikuwa tukiichukua dukani kwa hela ya soda, na kila baada ya miezi michache daktari alimvua soksi akamtazama nyayo. Mie nilikuwa natunza wazee majumbani kupitia wakala, na wakala yule hakuwa na bima hata ya kucha. Kwa hiyo afya ya mume wangu ilikuwa imening'inia kwenye kazi ile moja. Nililijua hilo, alilijua yeye, na hata binti yetu, mtoto wa shule, alilijua.

Ndipo mbwa wakaingia.

Jumamosi alikuwa na kibarua cha kumtembeza mbwa wa daktari mmoja pale mjini. Sisi ni Waislamu wa Tanga. Tumelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Siku aliponiletea habari ya kibarua hicho nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomaliza kucheka nikatoa amri: nguo zinavuliwa mlangoni, na kwenye kibaraza cha fleti yetu pale Temple Hills nikaweka ndoo ya maji na chungu cha maua chenye udongo. Majirani sijui walitufikiriaje, kumwona mtu mzima kavaa kikoi katikati ya baridi anajisugua mikono kwa udongo wa maua. Yeye hakulalamika hata mara moja. Alikuwa mtu wa dini. Ila alimpenda yule mbwa, na mbwa naye, nisemeje, alimpenda.

Baridi ya mwaka mmoja theluji ilikaa wiki nzima haitaki kuyeyuka. Akarudi Jumamosi ile macho yanang'aa, hata mikono hajanawa.

"Mke wangu, leo nimesimama na wenye mbwa pale uwanjani kwao, wote wanatetemeka kama kuku walionyeshewa. Nikawauliza, pakiwa na mahali pa ndani, pana joto, mbwa wanakimbia huku nyinyi mmekaa mnakunywa kahawa, mtakuja? Wote wamesema watakuja. Wote! Mama mmoja kanishika na mkono kabisa."

"Watakuja lini?"

"Nikifungua."

"Ufungue nini?"

"Uwanja wa mbwa wa ndani."

Nikamwambia nenda kanawe. Nilidhani yatapita.

Hayakupita, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wa ahadi. Kwetu mtu akikuambia mbele za watu kwamba atakuja kwenye shughuli yako, huja. Asipoweza kuja hutuma mtu na bahasha, na asipotuma husemwa mwaka mzima. Ahadi ni deni, na deni halizoeleki. Sasa yeye ile "nitakuja" ya Wamarekani waliosimama kwenye theluji akaichukua akaiweka kwenye mizani ya Tanga. Kila Jumamosi akawa anauliza, na kila Jumamosi wanampa moyo: wazo zuri mno, tujulishe ukifungua. Akirudi ananihesabia wateja wake kwa mbwa wao. Yule mwenye mbwa wa madoadoa kasema ndiyo. Yule mwenye mbwa mnene kasema ndiyo, na dada yake pia ana mbwa.

Nilimuuliza bibi niliyekuwa namtunza siku hizo, mjane wa Kimarekani aliyekuwa amefuga mbwa maisha yake yote na ulimi wake mkali kama wangu. Tulikuwa tukipatana. Alicheka akakohoa, nikamnywesha maji.

"Sisi tunasema ndiyo ili mtu aondoke na furaha," akaniambia. "Mwambie mumeo awaombe walipe leo. Hapo ndipo atawajua."

Nikampelekea maneno hayo jinsi yalivyo. Akaniambia, "Nitamdaije mtu hela ya kitu ambacho hakipo? Hiyo si adabu." Loh!

Akapata mshirika, rafiki yake Mkenya wa Nakuru, fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja kule Gaithersburg. Kijana mcheshi, mkarimu, kila akija haji mikono mitupu. Akija yeye nyumba inachangamka, na ndiyo maana nilishindwa kumchukia mapema.

"Shem, watu wa huku wanapenda mbwa kuliko watoto wao," alinieleza huku anachovya mkate kwenye chai. "Hii biashara haiwezi kukataa. Ni kuamua tu."

"Na wewe utaacha kazi?"

"Zii, mimi nibaki kwa job kwanza, nisukume mambo ya website. Mzee ndiye ana mkono wa mbwa."

Nikamwangalia. Bima yake iko mfukoni, anachezea ya mwenzake. Lakini sikusema, maana mgeni alikuwa hajamaliza chai.

Jumapili moja tukaenda watu watatu kuangalia godauni walilolipata Manassas. Kutoka Temple Hills ni safari, unavuka mto, unapita vitongoji mpaka unaanza kujiuliza kama bado uko kwenye dunia ile ile. Godauni lilikuwa limewahi kuwekwa mazulia, na bado lilinuka gundi. Dari iko juu kama ya uwanja wa ndege. Mwenye godauni, Mmarekani mpole, alitupokea vizuri, na wanaume wakatoa futi zao wakaanza kupima: hapa mbwa wakubwa, hapa mbwa wadogo, hapa meza ya kahawa.

Mie nikauliza swali la mwanamke anayejua kufagia. "Mkojo utaenda wapi?"

Wakanitazama.

"Sakafu ni ya zege, haina mfereji. Zege linakunywa. Mtaosha kila siku na kila siku litanuka."

"Tutaweka mipira juu, shem."

"Na moto wa kupasha joto dari hii?"

"Mbwa wenyewe wana manyoya," mume wangu akasema, wote wakacheka, na mwenye godauni naye akacheka ingawa hakuelewa neno.

Nikawaacha na futi zao nikatoka kutembea. Ukivuka barabara tu, nyumba zinaanza, na kila nyumba ina ua nyuma, na kila ua una uzio. Nilipopita, mbwa wa kwanza akabweka. Akadakia wa pili. Mtaa mzima wakanibwekea, kila mmoja kwenye nyasi zake, na mpira wake wa kuchezea, na kibanda chake. Nikasimama pale barabarani nikaelewa jambo lote. Mbwa asiye na pa kukimbilia yuko mjini, ghorofani, na bwana wake hawezi kukaa kwenye foleni ya barabara kuu aje kumchezesha Manassas. Na kule mjini aliko, godauni halikodisheki kwa watu kama sisi. Penye miti hapana wajenzi.

Nikarudi mbio kuwaambia. Yule Mkenya akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema, "Lakini shem, ndiyo sababu rent ya huku ni poa."

"Ndiyo hiyo hiyo sababu!" nikapiga kelele, mpaka mwangwi ukanirudia kutoka darini.

Mume wangu alinishika bega. Akasema jambo hili haliamuliwi kwa hasira, tutaita kikao.

Sisi Watanzania hatujui kufanya jambo bila kikao. Harusi kikao, msiba kikao, mtoto kakamatwa na polisi kikao. Na kikao hakikaliwi kwa maji matupu. Kwa hiyo kikao cha kupima kama biashara inafaa au haifai nilikipikia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu: pilau la nyama, kachumbari, na sambusa. Wakaja watu wazima wa jumuiya yetu. Akaja mwenyekiti, mzee wa makamo aliyewahi kufanya kazi ubalozini, ambaye bila yeye hapakuwa na shughuli. Akaja pia mhasibu mmoja wa Moshi, Mkristo, mtu msomi wa kweli, anayekagua hesabu za makampuni. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, huyu atasema.

Mwenyekiti akafungua kwa dua, akamwombea mwenye nyumba baraka katika "azma yake njema." Basi hapo mambo yalikuwa yamekwisha, ila mimi sikujua. Watu wakala. Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri, wallahi, hata mimi kwa dakika chache nilimwona yule mbwa wa madoadoa akikimbia kwenye mipira. Kisha mwenyekiti akazunguka mmoja mmoja kutaka maoni. Wazo zuri. Wazo la kimaendeleo. Tumechoka kuwasafishia wazungu, ni zamu yetu kumiliki. Ilipofika zamu ya mhasibu, alifuta mdomo kwa karatasi, akasema, "Ni jambo jema. Mungu atangulie."

Nikatoka jikoni na kanga yangu begani. "Mie nina neno."

Nikawaambia, "Huyu ana sukari. Anachoma sindano kila siku ya Mungu. Akiacha kazi, bima inakatika siku hiyo hiyo. Biashara isiposhika, sindano tutanunua na nini? Niambieni hilo tu, kisha mwendelee."

Mwenyekiti akatabasamu kama baba. "Shemeji yetu, tunakuelewa. Nyie watu wa pwani na mbwa, hampatani. Najisi, najisi!"

Wakacheka. Chumba kizima kikacheka, na yule Mkenya akapiga makofi, na mimi nimesimama na mwiko.

"Sisemi najisi! Nasema insulini!"

"Bima mtanunua wenyewe, biashara ikichanganya," mwenyekiti akasema, akafunga kwa dua.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anatazama zulia. Binti yetu aliyekuwa kwenye ngazi za nje na vitabu vyake aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hakitoi mdomoni, kwamba mimi peke yangu ndiye niliyesema kitu cha maana. Nikamwambia akamilishe kazi za shule.

Nilimsindikiza mhasibu mpaka kwenye gari, kama ada. Alikuwa keshafungua mlango alipogeuka.

"Shemeji, ile biashara haimalizi mwaka. Mahali si penyewe, na wateja ni wa miezi ya baridi tu. Mwambie asiache kazi."

"Kwa nini hukusema ndani?"

"Ningesemaje, shemeji? Mwenyekiti keshaomba dua. Na nimekula pilau la mumeo."

"Pilau nimepika mimi!"

Aliinamisha kichwa, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Mtu msomi! Nilirudi juu nikamweleza mume wangu neno kwa neno. Alijibu kwamba mtu akiwa na la kusema hulisema kikaoni, na aliyoyasikia kikaoni ni ndiyo tupu, isipokuwa kwa mke wake aliyemwaibisha mbele za watu. Tulikaa siku nyingi tukizungumza kuhusu chumvi na takataka tu.

Akaacha kazi majira ya machipuko. Bima ikakatika mwisho wa mwezi. Nilipiga simu makampuni ya bima mwenyewe, moja baada ya jingine, nikiwa nimekaa kwenye gari wakati wa mapumziko. Nikifika kwenye neno kisukari, sauti ya upande wa pili inakuwa ya upole sana, inaniomba nisubiri, inarudi na kusema inasikitika. Hizo ndizo hapana za wazi tulizopewa katika shughuli nzima, na zilitoka kwa watu tusiowajua.

Siku ya kufungua, nitamtendea haki, palipendeza. Mipira myeusi sakafuni, rangi mpya ukutani, birika la kahawa. Daktari alikuja na mbwa wake, wakaja pia wachache wa kule uwanjani, wakapiga picha, wakamkumbatia mume wangu, wakasema kwa nini hakuna mtu aliyefikiria hili zamani. Wakapanda magari yao wakarudi mjini. Wengi wao sikuwaona tena. Mvua ikinyesha walikuja watu wachache wa jirani. Jua likitoka, kila mbwa na ua wake.

Halafu mabenki yakaanza kuanguka. Kampuni ya yule Mkenya ikapunguza watu, akahamia jimbo jingine kufuata kazi. Alituaga akilia machozi ya kweli na akamwachia mume wangu sehemu yake yote, maana yake akamwachia kodi yote. Mkataba wa pango ulikuwa umeandikwa kwa jina la mume wangu.

Akabaki peke yake kule. Alfajiri anaondoka, jioni anarudi. Kutwa nzima amevaa mabuti ya mpira, anamwaga maji ya klorini, anasugua, kwa sababu zege lilikuwa linakunywa kama nilivyosema, na mipira juu yake ikaifungia harufu badala ya kuizuia. Nilikwenda siku moja ya mapumziko yangu. Nilimkuta na mbwa mmoja tu, mzee, amelala. Mume wangu anautupa mpira mwenyewe, anaufuata mwenyewe. Aliponiona akasema, "Umekuja wakati wametoka. Asubuhi walijaa." Nikachukua ufagio.

Nilianza kuitazama chupa ya insulini kwenye friji. Chupa haishuki inavyotakiwa. Nikamuuliza, akasema anajisikia vizuri siku hizi, kazi ya kutembea inashusha sukari. Nikamwambia, "Usinifanye mjinga." Ndipo akakiri kwamba anachoma nusu, siku nyingine anaruka, kodi ya godauni kwanza. Niligombana naye mpaka sauti ikanikauka. Nililia. Nikampigia magoti, mie, mbele ya friji iliyo wazi. Aliahidi ataacha kupunguza. Nikampeleka kwenye zahanati ya bure, tukapewa tarehe ya mbali, na tarehe ilipofika palikuwa na mvua, na siku ya mvua ndiyo siku yake ya wateja. Hakwenda.

Kisha nyumba ikaanza kunuka. Nilidhani ni mbwa. Nikafua kila kitu, nikahamisha viatu vyake kibarazani, nikachoma udi mpaka binti akalalamika kwamba koti lake linanukia darasani. Harufu haikuondoka. Siku moja alirudi, akakaa kwenye kiti chake cha kibarazani kuvua mabuti, nikaona soksi imeshika kwenye ngozi. Nikaivuta mwenyewe. Chini ya unyayo palikuwa na shimo. Nililoliona ndani yake sitaki kulieleza. Mguu umekaa ndani ya buti lenye unyevu na klorini kutwa kwa miezi, umekufa ganzi kwa sukari, na mwenyewe hana habari.

"Haukuumi?"

"Hapana," akasema, akashangaa kuniona nalia. "Hauumi kabisa."

Waliukata chini ya goti. Walijaribu kwanza, wakakata vidole, wakangoja, wakarudi wakakata. Madaktari walikuwa watu wazuri. Mmoja aliniuliza kwa nini hamkumleta mapema. Ningeanzia wapi?

Watu wetu walikuja. Hilo tuwasifu, kwenye shida watu wetu huja. Waliijaza korido kwa vyakula na dua. Na hapo koridoni nikamsikia mwanamke mmoja, mke wa mwenyekiti, akimnong'oneza mwenzake, "Ndiyo hivyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilikuwa nimebeba jagi la maji. Namshukuru Mungu sikumrushia. "Mkuu yupi?" nikamuuliza, na sikunong'ona. "Nitajie mkuu aliyemkataza. Wakuu wote walikaa kwenye zulia langu wakasema ndiyo. Mumeo aliomba dua mara mbili!" Wauguzi wakatoka kutazama. Mwenyekiti akaja akanishika mkono, akasema shemeji, hiyo ni kadari ya Mungu. Nikamwambia auache mkono wangu. Mhasibu alikuwa amesimama kwenye lifti na kapu la matunda. Hakusogea, na hakusema neno.

Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Godauni lilikuwa limefungwa tangu siku ile ya soksi. Simu ya kazi, ile yenye namba tuliyoiandika kwenye bango la mlangoni, nilikuwa nayo kwenye mkoba. Kila siku niliichaji. Wiki zote zile haikulia hata mara moja. Hakuna mtu aliyeuliza mbona mmefunga. Sio mama aliyemshika mkono, sio mwenye mbwa mnene, wala dada yake.

Mume wangu alikuwa ameamka. Midomo imemkauka, uso umekuwa mdogo. Hakutazama pale shuka lilipolala bapa. Alitazama mkoba wangu.

"Simu ipo?"

"Ipo."

"Wamepiga?"

Miaka miwili nilikuwa namwambia ukweli mtu huyu. Nilimwambia mbele ya mwenye godauni, mbele ya kikao, mbele ya friji. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa ananitazama kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Wamepiga," nikasema. "Wengi. Wanauliza utafungua lini."

Akafumba macho. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya theluji.

"Si nilikwambia?" akasema. "Wewe hukuamini. Si nilikwambia?"